Folda Ikikukatalia: Vidokezo kwa Wenye NAS Nyumbani

Diski ni yako, umeme unaulipia wewe, na kisanduku chenyewe kinapepesa taa zake kando ya ruta hapo sebuleni. Lakini ukibofya folda ya picha za harusi unajibiwa kwa Kiingereza kikavu: "Access denied". Shemeji naye ametoka kuifungua sasa hivi kwa simu yake, bila shida. Hapo ndipo wengi hukimbilia mtandaoni, wakakuta mtu kashauri `chmod 777`, wakaibandika, mambo yakakubali, wakaenda kulala.

Hiyo 777 tutaifikia. Kwanza ujue kwamba mara nyingi folda haina kosa lolote. NAS inakuona wewe ni mtu mwingine, basi. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza, iwe una Synology, QNAP, TrueNAS au Raspberry Pi iliyochomekwa diski ya USB. Chini kwa chini zote huongea na Windows na Mac kwa kutumia Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell kule Canberra, Australia, mwaka 1992, na ubishi wake ni uleule kila mahali.

1. Uliza kwanza: hapa mimi ni nani?

Windows ina kiherehere. Ukifungua folda ya mtandaoni, kabla hata ya kukuuliza, inajaribu kuingia kwa jina na nywila unazotumia kwenye laptopu yenyewe. Ikikataliwa ndipo inakuletea sehemu ya kujaza. Ukiwahi kuweka tiki ya kukumbuka nywila, itaikumbuka kwelikweli, hata baada ya wewe kuibadilisha kwenye NAS.

Kibaya zaidi, Windows haikubali kuwa watu wawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Tuseme asubuhi ulifungua folda ya filamu kwa jina la mtoto. Jioni unataka folda ya nyaraka kwa jina lako. Itagoma, pengine kwa kosa namba 1219, pengine kwa ile "Access denied" isiyoeleza kitu, na wewe utaanza kuchokonoa folda isiyo na hatia. Fungua kidirisha cha amri uangalie miunganiko iliyopo:

`net use`

Kisha uifute yote:

`net use * /delete`

Halafu ingia Credential Manager, tafuta jina au anwani ya NAS yako, ufute kilichohifadhiwa. Toka kwenye Windows, ingia upya, ujaribu tena. Kwa wenye Mac, nywila iliyochakaa hujificha ndani ya Keychain. Ifute huko, kisha kwenye Finder bonyeza Cmd na K, uandike `smb://` na anwani ya NAS, uingie kwa jina unalolitaka.

Na ile PIN ya tarakimu nne unayofungulia laptopu haihusiki kabisa. Haitoki nje ya laptopu hiyo. NAS inataka nywila ya akaunti iliyoko kwenye NAS.

2. Kuna lango na kuna mlango

Hili ndilo linalowachosha watu kuliko yote. Umeweka tiki zote za kuruhusu, umehifadhi, umerudia, na bado unakataliwa. Ni kwa sababu ruhusa zinakaguliwa mara mbili. Askari wa getini ni ruhusa za kushea: nani anaweza kuifikia folda hii kupitia mtandao. Mlango wa chumba ni ruhusa za faili zenyewe kwenye diski: nani ni mmiliki, nani anasoma, nani anaandika. Lazima upite kote kuwili, na aliye mkali zaidi ndiye anayesikilizwa. Getini ukiruhusiwa kuandika lakini mlango ukasema soma tu, utasoma tu.

Njia ya haraka ya kujua nani anakuzuia: ukishindwa hata kuingia kwenye folda kuu iliyosheiwa, shuku lango, au rudi kidokezo cha 1. Ukiingia vizuri lakini folda fulani ya ndani ndiyo inayokataa, shuku mlango.

3. Jifunze kusoma mstari mmoja tu

Ukiingia kwenye NAS kwa SSH (njia ya kuipa amri za maandishi ukiwa kwenye kompyuta nyingine) ukaandika `ls -l`, utaona kitu kama hiki:

`drwxr-xr-x 2 root root 4096 May 3 harusi`

Usitishike. Herufi `d` inasema hii ni folda. Zinazofuata zigawe tatutatu. `rwx` ya kwanza ni ya mmiliki: anasoma, anaandika, anaingia. `r-x` ya pili ni ya kikundi: wanasoma na kuingia, hawaandiki. `r-x` ya mwisho ni ya watu wengine wote. Kisha majina mawili, la mmiliki na la kikundi, na hapa yote ni `root`, yaani mkuu wa mfumo. Kwa hiyo wewe, tuseme ni Asha uliyeingia kwa jina la asha, uko kwenye fungu la "wengine wote". Picha utaziona, ila ukitaka kuongeza yako moja utaambiwa hapana. Folda za namna hii huzaliwa pale mtu alipozitengeneza kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya root, halafu akasahau kubadilisha mmiliki, na tiba yake ni mstari mmoja (kikundi cha `familia` tutakitengeneza kwenye kidokezo cha 5):

`sudo chown -R asha:familia harusi`

Namba nazo hazina uchawi. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuingia ni 1, unajumlisha. 7 ni vyote vitatu, 5 ni kusoma na kuingia, 6 ni kusoma na kuandika.

Mambo mawili hapa yanawachanganya hata mafundi. La kwanza, ile `x` kwenye folda maana yake ni ruhusa ya kupita ndani. Ukiandika `chmod -R 644` ukidhani unalinda picha zako, umezing'oa `x` zote kwenye folda za ndani, na sasa hakuna anayepita humo isipokuwa root. La pili, kufuta faili hakutegemei ruhusa za faili bali za folda inayolibeba. Mtu asiyeweza kubadilisha hata herufi moja ndani ya faili anaweza kulifuta lote, mradi anaruhusiwa kuandika kwenye folda. Ndiyo maana "faili nimelifunga, lakini mtoto kalifuta" ni malalamiko ya kweli.

Ukiona alama ya `+` mwishoni mwa zile herufi, basi kuna orodha ya ziada ya ruhusa ambayo `ls` haikuonyeshi. Kwenye Linux ya kawaida iite kwa `getfacl harusi`.

4. Achana na 777

Ndiyo, inafanya kazi. Hata kuing'oa milango yote ya nyumba kunafanya kazi.

777 inasema kila mtu asome, aandike, apite. "Kila mtu" ni yeyote aliyeruhusiwa getini, pengine pamoja na televisheni, mgeni uliyempa Wi-Fi, akaunti ya programu uliyoijaribu mwaka juzi, na laptopu ya kijana inayopakua michezo ya bure. Laptopu hiyo ikiingiwa na kirusi cha kufunga faili kwa fidia, kirusi hakihitaji ujanja wowote kuifikia NAS. Kinafunga kila kinachoweza kuandikwa na mtu aliyeingia, na wewe umeshaandika kwamba ni vyote.

Kuna madhara mengine ambayo watu hawayatarajii. Ukiipiga `chmod -R 777` kwenye folda yako ya nyumbani ndani ya Linux, kuingia kwa ufunguo wa SSH kutagoma, kwa kuwa SSH ikikuta folda ya funguo iko wazi kwa kila mtu haiiamini. Na kwenye Synology, `chmod` inaweza kufuta zile ruhusa za kina ulizopanga kwa kubofya, ukabaki na zile tatutatu za kawaida tu. Mwenye Synology afanye kazi kwenye kurasa za Synology.

5. Ruhusa mpe kikundi, usimpe mtu

Nyumba yenye baba, mama, watoto watatu na shangazi anayekuja likizo ina watu wengi kuliko subira yako ya kuweka tiki. Tengeneza kikundi kimoja, kiite `familia`, kipe folda, kisha waingize watu humo. Kwenye Synology na QNAP ni suala la kubofya. Kwenye Raspberry Pi na ndugu zake ni hivi:

`sudo groupadd familia`
`sudo usermod -aG familia asha`
`sudo chgrp -R familia /srv/picha`
`sudo find /srv/picha -type d -exec chmod 2770 {} +`
`sudo find /srv/picha -type f -exec chmod 660 {} +`

Mstari wa pili uuandike kwa makini. Ukiisahau ile `a`, mtumiaji anatolewa kwenye vikundi vyake vingine vyote, pamoja na kile kinachomruhusu kutumia `sudo`, na jioni yako imeharibika. Ile 2 mbele ya 770 ndiyo yenye raha: folda au faili jipya litakalotengenezwa humo litarithi kikundi cha `familia` badala ya kikundi binafsi cha aliyelitengeneza. Bila hiyo, unarekebisha leo, kesho mama anapakia picha mpya, na keshokutwa unaitwa tena.

Kurithi kikundi hakutoshi, lazima faili jipya lizaliwe na ruhusa ya kikundi kuandika. Hilo unaliambia Samba, ndani ya `/etc/samba/smb.conf`, chini ya sehemu ya folda hiyo:

`force group = familia`
`create mask = 0660`
`directory mask = 0770`

Andika `testparm` ikukagulie makosa ya uandishi, kisha washa Samba upya. Waliokuwa wameshaingia watoke na kuingia tena, kwani uanachama mpya wa kikundi hauonekani mpaka mtu aingie upya. Watu hupoteza saa nzima hapo, kila kitu kikiwa sawa isipokuwa hiyo kutoka na kuingia.

6. Samba ina daftari lake la nywila

Umetengeneza mtumiaji kwenye Linux, SSH anaingia, folda hazifunguki? Nywila ya Linux na ya Samba ni vitu viwili. Msajili:

`sudo smbpasswd -a asha`

Na `sudo pdbedit -L` itakuonyesha waliosajiliwa. Wenye Synology na QNAP rukeni hiki, mmefanyiwa.

7. Kwenye Synology, katazo linashinda ruhusa

Mpangilio wao ni huu: kukatazwa kabisa kunashinda kusoma na kuandika, na kusoma na kuandika kunashinda kusoma tu. Mtu akiwa na ruhusa kamili kwa jina lake lakini kikundi chake kimoja kimekatazwa, amekatazwa.

Sasa sikiliza: kila mtumiaji wa Synology, mpaka msimamizi mwenyewe, yumo kwenye kikundi kinachoitwa `users`. Ukitaka kuwafungia watoto folda ya nyaraka ukakikataza kikundi cha `users`, umejifungia na wewe nje. Acha nafasi ya `users` wazi, bila tiki yoyote. Asiyepewa ruhusa hana ruhusa, haina haja ya kumkataza. Tiki ya katazo ibaki kwa mtu mahususi unayetaka azuiwe hata kama vikundi vyake vinamruhusu.

8. Kuhamisha si kunakili

Faili ukilihamisha kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, kwa kawaida linaondoka na ruhusa zake za zamani. Ukilinakili, nakala inapata ruhusa za mahali ilipofikia. Kwa hiyo video uliyoihamisha kutoka folda yako binafsi kwenda folda ya familia inaweza kuonekana kwa jina na isifunguke kwa mtu mwingine yeyote. Nakili kisha futa ya zamani, au ukishahamisha rudia kuziweka ruhusa ukichagua zishuke mpaka kwenye folda na faili za ndani.

9. Diski ya USB ya exFAT haina kumbukumbu ya ruhusa

Hii ni ya wenye Raspberry Pi. Diski ya nje uliyonunua dukani mara nyingi huja na mfumo wa exFAT, ambao hauhifadhi mmiliki wala ruhusa. Unaweza kupiga `chmod` mpaka alfajiri, haibadiliki. Ruhusa zake huwekwa mara moja, wakati wa kuiunganisha, kwenye `/etc/fstab`, kwa maneno kama `uid=1000,gid=1001,umask=007`. Namba zako halisi utazipata kwa kuandika `id asha`. Kama diski hiyo haitachomolewa kupelekwa kwenye Windows, mimi naona bora uhamishe vitu, uifomati kwa ext4, na usahau usumbufu huu.

10. Programu nazo ni watu

Plex haioni filamu ulizoweka jana? Programu hiyo haifanyi kazi kwa jina lako. Ina akaunti yake, na akaunti hiyo inahitaji ruhusa kama mtu mwingine yeyote. Tangu toleo la 7 la mfumo wake wa DSM, la mwaka 2021, Synology huwaweka watumiaji wa namna hii kwenye orodha ya pembeni, ile ya watumiaji wa ndani wa mfumo, na usipobadilisha orodha hutawaona. Kwenye Docker, makontena mengi hukuachia uweke PUID na PGID. Weka namba za mtumiaji anayeruhusiwa kwenye folda, si zile ulizokuta kwenye mfano wa mtu.

NFS, njia nyingine ya kushea folda inayotumiwa zaidi na Linux, nayo ni ya kutazamwa. Katika mpangilio wake wa kawaida haisomi majina, inasoma namba. Asha kwenye laptopu ya Ubuntu ni 1000, kwenye Synology mtumiaji wa kwanza ni 1026, na kwa NFS hao ni watu wawili wasiojuana. Linganisha namba kwa amri ya `id` pande zote mbili.

11. Mgeni akae nje

Kuna walioishi miaka na folda zinazofunguka bila nywila, mpaka siku Windows ilipojisasisha. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 haikubali tena kuingia kama mgeni. Mtandaoni utakuta maelekezo ya kuirudisha hali ya zamani. Kumtengenezea kila mtu akaunti yake ni kazi ya dakika chache na hutairudia kila sasisho likija.

Ushauri wa kuwasha SMB1, toleo kongwe la lugha hii ya kushea folda, kwa ajili ya televisheni ya zamani uukatae moja kwa moja. Ni udhaifu wa SMB1 uliotumiwa na kirusi cha fidia cha WannaCry kusambaa duniani Mei 2017.

12. Yako matatizo yanayojifanya ni ya ruhusa

Soma ujumbe wenyewe. "Permission denied" ni ruhusa. "Read-only file system" si ruhusa: mfumo umeona hitilafu kwenye diski ukaamua kutoandika kitu chochote, na hali hii hupenda kujitokeza baada ya umeme kukatika ghafla. Hapo usilazimishe. Nakili vitu muhimu kwanza, kagua afya ya diski, ndipo urekebishe. UPS ndogo ya kukaa na NAS na ruta ni pesa iliyotumika vizuri kuliko diski mpya.

Diski iliyojaa pia hukataa kuandikwa. Na faili la Word lisilohifadhika huenda limefunguliwa kwenye kompyuta nyingine ndani ya nyumba hiyohiyo, nenda kaulize.

13. Jaribu ukiwa yule mwingine

Ukishamaliza, usijipime kwa akaunti ya msimamizi. Msimamizi hukubaliwa karibu kila mahali, hivyo jaribio lake halikuambii kitu. Ingia kwa jina la mtoto, kisha fanya mambo manne: fungua faili, tengeneza jipya, libadilishe jina, lifute. Nenda na kwenye folda asiyotakiwa kuiona, uhakikishe kweli amekataliwa.

Kwenye Windows, kwa kuwa haikubali watu wawili kwa seva moja, kuna njia ya mkato: ikiwa wewe umeingia kwa jina la NAS, tuseme `\\nas`, mjaribu mtoto kwa anwani ya namba ya NAS hiyo, kama `\\192.168.1.20`. Windows inazihesabu kuwa seva mbili tofauti, na itakuuliza jina na nywila upya. Ukimaliza, piga tena ile `net use * /delete`, la sivyo kesho mtu atabofya njia ileile ya mkato, ataingia kama mtoto, na atakuita kusema folda imekataa.